Bendera Kubwa Kuliko Chombo

Nianze kwa kukiri, ili nisimpe mtu kazi ya kunizomea: siku ile mjinga alikuwa mimi. Wajinga wengine walikuwepo, tena wengi, wenye vyeo na vipaza sauti, na nitawafikia kwa raha zangu. Lakini mbele yao wote, kifua mbele, nilitembea mimi, Chamsidine wa Ntsoudjini, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na bandari ya zamani ya Moroni.

Ilikuwa Novemba, mwaka wa tisini na saba. Mwaka ule visiwa vyetu viligombana kama wake wenza. Mwezi wa Agosti watu wa Ndzuani walisema tumechoka na Moroni, tunajitenga. Mwali nao wakafuata. Huku kwetu wakubwa walikasirika sana: wakakaa mikutano, wakala pilau, na Septemba wakapeleka wanajeshi kuwarudisha Wandzuani kwa nguvu. Wanajeshi walishindwa, wengine hawakurudi kabisa, na wakubwa wakakaa mikutano mingine. Pilau ilikuwa ileile.

Kule Mutsamudu, mji mkuu wa Ndzuani, nako msidhani walikuwa na akili zaidi. Waliona kujitawala ni kazi, wakapandisha bendera za Ufaransa juu ya mapaa na kuwaomba Wafaransa warudi kuwatawala. Ufaransa ikasema hapana, asanteni. Yaani unampigia magoti aliyekutawala, naye anakwambia hana nafasi!

Katikati ya upuuzi huo alikuwa mke wangu.

Zahiya ni mtu wa Mutsamudu. Kwao na kwetu nyumba ni ya mwanamke: baba anamjengea binti, na mwanamume anaingia na sanduku lake. Baba yake alikuwa amemjengea nyumba ya ghorofa moja ndani ya mji wa kale, na tulipooana akaongeza jambo ambalo hakuombwa na mtu. Alitoboa ukuta wa chumba cha chini, akatia mlango unaofungukia barabarani, akaupaka rangi ya buluu. "Hapa," akaniambia, "weka cherehani yako." Nikamshukuru mpaka machozi yakanitoka. Nikakaa siku arobaini, nikasema nakwenda Moroni mara moja kumaliza nguo za Idi za wateja, kisha naja na cherehani.

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Nguo za Idi, msiniulize, hazijaisha mpaka leo. Nilirudi mara mbili, siku tatu kila mara, kama mgeni. Ukweli ni kwamba Moroni nilikuwa na kibanda, na marafiki wa kucheka nao, na kila nikitaja kuhama waliniuliza, "Kwa hiyo sasa utakuwa Mndzuani?" wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Nimepigwa na maisha tangu utotoni, nikajifunza kwamba anayecheka kwanza haumii sana. Sikujifunza kwamba kuna watu hawapo karibu kusikia kicheko chako, na wao ndio wanaolipa.

Basi, barua ikaja. Posta ilikuwa imekatika, ila Faouzia, mfanyabiashara anayepeleka mchele na kurudi na karafuu, alinipa mkononi. Mwandiko wa Zahiya ulikuwa umenyooka kama mshono wa mashine.

"Kadhi Idarousse amenipa siku. Alhamisi ya mwisho ya Rajabu, kabla ya adhana ya alasiri, uwe umesimama mbele yake. Usipokuja, ndoa imevunjika. Ukija, uje na sababu."

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne sikuweza kuona herufi.

Dada yangu Echat hakunipa nafasi ya kulia. "Boti zipo Chindini," alisema. "Zinapitia Mwali, jioni zipo Ndzuani. Faouzia anapanda Jumatano. Panda kama watu."

"Dada, nifike kwa wakwe nimelowa chumvi kama ng'onda?"

"Wewe unataka ufikeje? Kwa zulia?"

Nilitaka nifike kwa heshima. Na heshima, shetani akanionyesha, ilikuwa imetia nanga nje ya bandari: yoti nyeupe ya Musyu Gérard.

Huyu Gérard alikuwa daktari wa meno mstaafu aliyezunguka dunia kwa tanga. Tanga lake kubwa lilikuwa limechanika, akaniletea nilishone. Nikamwambia sitaki malipo, nataka anipeleke Mutsamudu, maana alikuwa anashuka kusini kufuata pwani kisha aelekee huko huko kutafuta maji na matunda. Akaniuliza kama naijua bahari. Nikamwambia nimezaliwa ndani yake. Uongo. Mimi nikioga huwa nashika ukuta.

Nilipokuwa nashona tanga nikaiona bendera yake, nyuma ya chombo, kitambaa cha rangi tatu kilichopauka, kisichozidi leso. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kupita kiasi. Nikawaza: mimi ni Mngazidja, mtu wa kisiwa chenye Moroni, naingia Mutsamudu miezi miwili baada ya wanajeshi wetu kupiga risasi kule. Lakini Wandzuani wanaiabudu bendera hii. Basi na iwe kubwa, ionekane toka mbali, iniombee ruhusa kabla sijafungua mdomo.

Nikaishona. Buluu nilitoa kwenye kitambaa cha sare za shule. Nyeupe ilikuwa bafta, ileile tunayoshonea sanda. Nyekundu ilikuwa kitambaa cha meza cha mteja mmoja, Mungu amsamehe kwa kuniamini. Ilipokwisha ilikuwa kubwa kuliko shuka la kitanda cha watu wawili.

Gérard aliitazama kwa muda mrefu. "Hii ni ya meli ya kivita."

"Musyu, hii ndiyo viza yetu."

"Sipendi bendera."

"Hii haiombi kupendwa, inaomba kupita."

Akainua mabega. Wazungu wa aina yake hawabishani na mtu mwenye sindano.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba ni mwendo wa siku moja na nusu, na Jumatano nitakuwa nakunywa chai kwa mke wangu. Hesabu hiyo ilikuwa ya mtu aliyezoea teksi. Pwani ilikaa kushoto kwetu, na sisi tukaifuata kusini kwa mwendo wa bibi harusi. Tulipofika Iconi, mahali ambapo mtu mzima anatembea kwa miguu kutoka Moroni na kurudi kabla chakula hakijapoa, Gérard alitupa nanga.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Majabali. Nataka kuyachora."

Akayachora mchana kutwa. Nilikaa mbele ya chombo nikiyatazama majabali yale ambayo nimeyaona tangu kuzaliwa, na kwa mara ya kwanza nikayachukia.

Jumanne upepo ulikufa. Ni kipindi kile kusi imeshaondoka na kaskazi bado inafunga mizigo, bahari imelala kama mafuta kwenye sahani. Nikamwonyesha injini. Akatikisa kichwa.

"Injini ni ya watu wenye haraka."

"Mimi nina haraka, Musyu."

"Basi umekosea chombo." Akajimiminia chai. "Unajua sasa ni mwisho wa vuli kwetu? Majani yanadondoka, wazee wanakohoa, kila mtu ana huzuni. Na mimi nipo hapa. Tazama! Hakuna hata jani moja linalodondoka."

"Kwetu kinachodondoka ni ndoa," nikamwambia.

Nikamweleza yote: barua, kadhi, Alhamisi. Alinisikiliza vizuri, akanionea huruma, akakata limau. "Mke wangu wa kwanza pia alinipa siku," akasema. "Nilichelewa. Ndiyo maana nina yoti."

Tulipita pwani ya mawe meusi ambayo volkano ya Karthala iliyamwaga zamani mpaka baharini, tukaipita taratibu kiasi kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa anafua nguo ufukweni alimaliza, akazikunja, akaziweka kichwani na kuondoka, na sisi bado tupo mbele yake. Alituambia kitu kwa sauti. Bahati nzuri sikusikia vyema. Nilichosikia kilikuwa na neno "jeneza".

Jumatano asubuhi tulikuwa mbele ya Chindini, mwisho wa kisiwa kusini. Boti la mbao lenye injini mbili lilitoka ufukweni kwa kishindo, limejaa watu hadi pembezoni. Juu ya magunia ya mchele, na mimba ya miezi saba, alikaa Faouzia, mwavuli mkononi.

"Chamsi!" akapiga kelele. "Mmekwama?"

"Tunakwenda!"

"Wapi?"

Boti zima likacheka. "Nikamwambie Zahiya uko njiani?" akauliza. "Au nikamwambie uko palepale?"

Wakatupita, na mawimbi yao yakaimwaga chai ya Gérard. Hilo tu ndilo lililonifurahisha siku ile.

Upepo mdogo ulianza mchana, tukaiacha pwani, Mwali ikabaki mkono wa kulia, na sitawachosha na habari za tumbo langu. Alhamisi, saa nne za asubuhi, Ndzuani ilisimama mbele yetu na milima yake, na nyumba za Mutsamudu zimebanana chini ya ngome ya zamani. Harufu ya karafuu ikatujia. Nikapata nguvu. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikavaa kofia niliyoidarizi mwenyewe, nikaipandisha bendera yangu mlingotini. Upepo ukaijaza kama tanga la pili. Chombo kikaongeza mwendo, wallahi.

Kwanza nilisikia honi. Kisha nikaona watu wanakimbia kutoka upande wa Mirontsy, na wengine wanamiminika kutoka vichochoro vya mji, wanawake wamejitanda shiromani zao nyekundu, vijana wanapanda juu ya makontena. Vigelegele vikapasua anga. Nikamgeukia Gérard nikiwa na tabasamu. "Unaona? Nilikwambia watatupokea."

"Wanampokea nani?" akauliza, akiwa na kaptula iliyotoboka na sabuni shavuni.

Tulipogusa gati ndipo nilipoelewa. Mtu mmoja mrefu mwenye tai na ndara, mkononi ana kipaza sauti cha betri, alilia machozi waziwazi. Huyu alikuwa Attoumane, mwalimu wa jiografia asiyelipwa mshahara miezi mingi, ambaye kwa kukosa kazi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa.

"Ndugu zangu!" akapaza. "Nilisema watakuja! Nani alinicheka? Ufaransa imekuja!"

Nikaitazama bendera yangu. Nikaitazama yoti, ambayo ilifanana na kiatu kilichofunikwa shuka. Nikamtazama yule mtu. Mwalimu wa jiografia! Nchi nzima, yenye manowari na mabomu, iliyo upande wa pili wa dunia, na yeye aliamini imeingia ndani ya chombo kile, pamoja na ndoo ya limau.

Sasa, mtu mwenye busara angesema, jamani, huyu ni daktari wa meno, na mimi ni mume wa Zahiya. Lakini kufungua mdomo kwa lugha yetu kungenimaliza. Kingazidja na Kindzuani ni ndugu wasiofanana sura: neno la kwanza tu na wangejua nimetoka wapi. Nikaamua kusema Kifaransa peke yake, na Attoumane akanichukulia kuwa mkalimani wa Gérard, mtu wa Mayotte labda, au Reunion.

"Muulize," akaniambia kwa Kifaransa cha ubaoni, "serikali yake inakuja lini rasmi?"

Nikamuuliza Gérard. Akasema, "Mwambie nimeikimbia Ufaransa. Nimeuza kliniki, nimeuza nyumba, sitaki hata kuisikia. Nataka maji safi lita mia mbili."

Nikageuka. "Anasema moyo umemjaa, hawezi kusema mengi. Anaomba maji."

Vigelegele.

"Muulize ametumwa na nani."

"Ametumwa?" Gérard akafikiri. "Na mke wangu wa zamani, ukitazama vizuri."

"Anasema," nikawaambia, "ametumwa na mtu mwenye nguvu sana."

Hapo wakambeba. Wakanibeba na mimi. Wakaiteremsha bendera yangu, wakaitandaza juu ya vichwa, vijana ishirini wameishika pembe, tukapelekwa hadi uwanja wa mbele ya soko. Palikuwa na kiti. Palikuwa na meza na kitambaa. Kulikuwa na hotuba, na baada ya hotuba kulikuwa na wa kushukuru hotuba. Mzee mmoja alisoma majina ya mababu zake waliofanya kazi kwa Wafaransa, akaomba kama faili lake bado lipo. Mama mmoja alimpa Gérard mtoto ambariki. Watu hawa walikuwa hawana unga, hospitali yao haina dawa, na walikuwa wamemkaanga jogoo wa mwisho wa mtaa kwa ajili ya mtu aliyekuja kutafuta limau. Nilitaka kuwadharau kwa moyo wote, na nilijitahidi sana, lakini shuka lililowadanganya lilikuwa na mshono wangu.

Adhana ya adhuhuri ikapita. Tuliswali uwanjani, tukarudishwa kwenye viti. Kivuli changu kilianza kurefuka upande wa mashariki. Nilikuwa hatua mia tatu kutoka kwa kadhi, na siwezi kuinuka. Kila nikiinua matako Attoumane ananirudisha kwa upendo. "Bado kuna kwaya, bwana mkalimani!"

Kivuli kikarefuka tena. Nikaanza kutokwa na jasho la kweli.

Sauti iliyoniokoa na kuniua kwa pamoja ilitoka kwenye kwaya yenyewe. Msichana wa mstari wa mbele aliacha kuimba, akaninyooshea kidole.

"Lakini huyu ni shemeji!"

Ni Rafia, mdogo wake Zahiya.

"Shemeji gani?" akauliza Attoumane.

"Chamsidine! Fundi wa Ntsoudjini, mume wa dada. Shemeji, mbona unasema Kifaransa kama umemeza redio? Na dada anakungoja kwa kadhi!"

Neno likapita uwanjani mdomo kwa mdomo: Mngazidja. Mngazidja. Attoumane akaweka kipaza sauti chini. Macho yake yalikuwa bado na machozi ya furaha, hayajapata muda wa kubadilika. "Wewe ni wa Moroni? Mmetutumia risasi, sasa mmetutumia bendera ya uongo?"

"Bendera si ya uongo," nikasema, kwa lugha yangu sasa. "Ni ya kitambaa cha meza."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo wangu haujawahi kunisaidia siku ya shida. Mtu alinishika ukosi, kanzu ikapasuka begani, mwingine akapaza kwamba mimi ni jasusi, na Gérard akasimama juu ya kiti akipiga kelele kwa Kifaransa kwamba yeye ni daktari wa meno, meno tu, meno! Akafungua mdomo wake na kuonyesha, ili aeleweke.

Ndipo umati ukapasuka katikati, na Zahiya akapita. Alikuwa amejitanda shiromani, hakuwa na haraka. Miaka miwili nilikuwa sijamwona. Alikuwa amekonda kidogo, na kukonda huko kulinipiga pabaya kuliko wale wote.

"Mwacheni," akasema.

"Mama, huyu ni jasusi," akasema Attoumane.

"Mwalimu, huyu hajui hata habari za nyumba yake mwenyewe, ataipeleleza ya kwako? Ana ahadi na kadhi. Mkimpiga, mpigeni baadaye. Sitaki aje kusema amechelewa kwa sababu yenu."

Attoumane aliikunja bendera, akaiviringisha kama mkeka, akanitupia mikononi. "Chukua nchi yako," akasema. Kikongwe mmoja alibaki nyuma na Gérard, amekwisha fungua kinywa na kumwonyesha jino. Nasikia Gérard aling'oa meno mpaka jioni. Huo ndio msaada pekee wa Ufaransa niliouona mimi Ndzuani mwaka ule, na hata huo haukuwa na ganzi.

Sisi tukaenda kwa kadhi, na uwanja mzima nyuma yetu. Walikuwa wameahidiwa tamasha, na hawakukubali kurudi nyumbani bila tamasha.

Njiani tulipita mbele ya nyumba. Mlango wa chini ulikuwa umefungwa. Buluu yake ilikuwa mpya.

Chumba cha Kadhi Idarousse kilikuwa kidogo, na madirisha yake yalijaa vichwa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, kalamu sikioni. Aliitazama kanzu yangu iliyopasuka, akaitazama saa.

"Umefika. Zimebaki dakika ishirini. Mkeo anasema umeiacha nyumba. Wewe unasema nini?"

"Kadhi, sikuiacha. Kazi ilinizuia. Mtu ana wateja."

Kadhi akamgeukia Zahiya. Zahiya alimjibu yeye, hakunitazama mimi. "Chumba cha chini kina mlango wa barabarani. Baba aliupaka rangi mwaka wa kwanza, akaupaka tena mwaka wa tatu, na mwaka huu amenituma mimi niupake kwa sababu mgongo wake umechoka. Ni kazi gani hiyo isiyopita mlangoni?"

"Nilikuwa natuma vitu," nikasema. "Mchele. Vitambaa. Kila aliyekuja alibeba kitu changu."

"Nilivipokea vyote, Kadhi. Nikiomba mume naletewa gunia."

Madirisha yakacheka. Nilisikia sauti ya Faouzia ikicheka kuliko zote, kumbe amejibanza pale na mimba yake. Nikajaribu kucheka pia, kwa mazoea, na kicheko kikakataa kutoka.

"Nimekuja lakini," nikasema. "Siku nne baharini, na sijui kuogelea. Nimetapika kila nilichokula tangu Chindini. Hayo si kitu?"

"Faouzia aliondoka Chindini jana asubuhi, jana jioni alikuwa kwangu anakula," akasema Zahiya. "Mimba ya miezi saba. Yeye hakuleta kanzu ya kushukia."

Kadhi alichukua kalamu sikioni, akavuta daftari. Mkono wangu ukatangulia, nikaushika ukingo wa meza yake.

"Kadhi, subiri. Ninajua nimekosa. Nimekuwa mpuuzi, niliona mlango ule utaningoja tu. Lakini mwaka huu nilikuwa nakuja, na cherehani, naapa. Mwezi wa nane nilikuwa nimeshaifunga kwenye sanduku." Hilo lilikuwa kweli, ingawa hakuna aliyeniamini, na mimi sikuwa na sura ya kuaminiwa. "Kisha ninyi mkajitenga. Ndege zikasimama, meli zikasimama, risasi zikapigwa. Mngazidja gani angeingia hapa? Mmeona wenyewe leo walivyonifanya. Sikutengana na mke wangu mimi. Kisiwa chenu ndicho kilichonitenga naye."

Attoumane, nyuma ya vichwa, alikohoa. Kadhi aliiweka kalamu chini, akajikuna kidevu.

"Hilo lina uzito," akasema polepole. "Siwezi kumhukumu mtu kwa bahari iliyofungwa na wengine. Zahiya, mwanangu, kama hili huna la kulijibu, nitampa mwezi mmoja. Alete cherehani, tuone."

Moyo wangu ulianza kupanda ngazi. Nje, mwadhini alikuwa anasafisha koo kwenye kipaza sauti cha msikiti.

Zahiya akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Aliitazama kanzu, aliitazama kofia, kisha macho yake yakashuka kwenye lile furushi la rangi tatu nililokuwa nimelikumbatia muda wote kama mtoto, bila kujua kwamba nimelikumbatia.

"Kadhi," akasema, "Ndzuani imejitenga kwa miezi mitatu, na bado inaazima bendera ya watu. Huyu amejitenga miaka minne, na ya kwake amekuja nayo, ameishona mwenyewe."